Friji Lililopona Kila Mara kwa Siku Kumi Tu

Simu ya kwanza ilikuwa fupi. "Fundi, friji langu juu linagandisha vizuri tu, ila chini maziwa yanachacha."

Kwa mtu anayeshinda kutwa na mafriji, maneno hayo ni mwanzo mzuri. Kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya kupozea, inafanya kazi, gesi ipo, ila baridi haifiki inakotakiwa kufika. Friji lenyewe lilikuwa la milango miwili, friza juu na chumba cha kawaida chini, la aina inayojiyeyushia barafu, ile tunayoiita nofrosti. Kwenye friji la namna hii hutakiwi kuona barafu ukutani kabisa. Koili ya baridi, lile bomba lililokunjwakunjwa ambamo gesi huleta baridi, imefichwa nyuma ya paneli ya plastiki ndani ya friza. Feni ndogo inavuta hewa ipite kwenye koili, kisha inaigawa: nyingi inabaki juu, kiasi inateremka chini kwa njia yake. Unyevu unaoingia kila mlango unapofunguliwa huenda kuganda kwenye koili hiyo. Baada ya saa kadhaa hita iliyo chini ya koili inawaka, barafu inayeyuka, maji yanashuka kwa bomba hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa na kukaukia huko kwa joto lake. Mwenye friji hapaswi hata kujua kwamba hayo yanatokea.

Mama huyu alikuwa ameshajua mengi kuliko alivyopenda. Fundi wa kwanza aliitwa wiki tatu kabla yangu, akasema gesi imepungua, akaongeza. Friji likapona. Baada ya siku 10 chini kukawa na joto tena. Mama akalizima mwenyewe kutwa nzima, milango wazi, mataulo sakafuni, akaliwasha jioni. Likapona siku 9. Ndipo nikaitwa mimi.

Na mimi nikakosea. Nilifika, nikalikuta limeshazimwa tangu alfajiri ili "fundi asichelewe". Paneli ikatoka bila shida, barafu nyingi ilikuwa imeshakuwa maji. Nilichokikuta kimebaki ni kipande kigumu kilichoziba kitundu cha kutolea maji chini ya koili. Nikakimwagia maji ya moto, nikapitisha waya laini wenye kitambaa, nikasikia maji yanateremka nyuma hadi kwenye trei. Kitundu kilichoziba ni ugonjwa wa kawaida kabisa, nami nilikuwa nimeushika mkononi. Nikapima hita, nzima. Nikapima bimetali, ile swichi ndogo ya joto inayobanwa kwenye bomba la koili, nikaikuta wazi, haipitishi umeme. Nikasema sawa, maana koili imeshapata joto na bimetali ikipata joto lazima ifunguke. Nikafunga paneli, nikaondoka nikijiona bingwa.

Siku ya 11 simu ikalia.

Safari hii nilimwambia, "Mama, usilizime."

"Nisilizime? Nyote huwa mnataka nilizime."

"Nataka nilikute linaumwa."

Kabla ya kushika bisibisi nilikaa naye nikamuuliza upya, kwa sababu nilikuwa na kitu ambacho sikuwa nacho mara ya kwanza: hesabu. Siku 10, siku 9, siku 11. Mara ya kwanza gesi iliongezwa. Mara ya pili haikuongezwa gesi, friji lilizimwa tu. Mara ya tatu mimi nimezibua kitundu. Dawa tatu tofauti, nafuu ya urefu uleule. Nikamuuliza yule fundi wa gesi alifanyaje kazi. "Alilizima asubuhi, akaenda kutafuta mtungi, akarudi jioni." Basi. Kilichoponya mara zote tatu ni ule muda wa kuzimwa. Barafu iliyeyuka, hewa ikapata njia, na siku kumi hivi ndizo barafu mpya inazohitaji kujaza koili ya friji hili kwa jinsi linavyotumiwa katika nyumba hii. Gesi inayovuja haiponi kwa friji kuachwa wazi kutwa.

Swali lililofuata ndilo lililonipa jibu, ingawa niliuliza kama mazoea tu. Je, linanguruma muda wote?

"Halipumziki, Fundi. Ila usiku mara moja hivi linanyamaza, nadhani limekufa kabisa, halafu linaamka lenyewe."

"Linanyamaza muda gani?"

"Kama nusu saa. Nimeshalizoea kelele, likinyamaza ndiyo naamka."

Fikiria friji ambalo chumba chake cha chini hakifikii baridi kamwe. Thermostati, ile swichi inayoizima kompresa baridi ikitosha, haiwezi kulizima, kwa kuwa inaona joto tu. Kwa hiyo kama kompresa inanyamaza, kuna kingine kinachoinyamazisha, na kwenye friji lenye saa ya kimakanika hicho ni taima ya kuyeyusha. Taima hiyo huhesabu saa za kazi za kompresa, 8 au 10 au 12 kutegemea muundo, kisha huikatia kompresa umeme kwa dakika 20 hadi 30 na kuupeleka kwenye hita. Zile nusu saa za kimya ambazo mama alikuwa anaamka kuzisikiliza zilikuwa zamu za hita. Taima ilikuwa inatimiza kazi yake kila siku. Ilikuwa inakabidhi zamu, ila upande wa pili hakuna aliyepokea.

Mafundi wengi, nami nikiwemo, tungeanza kwa kubadilisha taima kwa sababu ndiyo rahisi kuifikia. Maelezo ya mtu aliyekosa usingizi yaliiondolea lawama kabla sijafungua skrubu hata moja.

Nikachomoa plagi, nikatoa rafu ya friza na skrubu nne za paneli. Paneli haikutoka. Ilikuwa imeshikwa na barafu kwa nyuma, na hapa ndipo watu wengi huua friji: wanachukua kisu. Koili ni bomba la alumini, laini, na nyuma ya barafu huoni lilipo. Tobo moja dogo kama la sindano linatosha kumwaga gesi yote, na lebo ya friji hili iliandika R600a, yaani isobyuteni, gesi inayowaka moto. Nikakamua taulo lililochovywa kwenye maji ya moto, nikalilaza kwenye kingo za paneli tu, dakika chache kila upande, hadi plastiki ikaachia. Sikutaka kuyeyusha kilichokuwa nyuma yake. Safari hii nilitaka kukiona.

Koili haikuonekana. Mahali pake palikuwa na ukuta mweupe, mnene kidogo zaidi upande wa chini ambako hewa ya kurudi huingilia, lakini umefunika kila mahali, kona hadi kona. Nikabonyeza kwa kidole. Juu theluji ilikuwa laini, ikaacha alama ya kidole. Chini yake tabaka gumu la rangi ya maziwa. Mapezi ya koili, yale mabati membamba yaliyopangwa kwenye bomba lake, hayakuwa na nafasi hata ya kupitisha karatasi. Feni ilikuwa inavuta hewa kutoka kwenye ukuta.

Sura hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, gesi ipo: koili iliyopungukiwa gesi huganda sehemu ya mwanzo tu, pale gesi inapoingilia, kisha mabomba yanayofuata hayana theluji au yana jasho. Hapa koili nzima ilikuwa imeganda. Pili, tatizo si kitundu cha maji. Kitundu kikiziba, maji ya kuyeyuka hurudi kuganda sakafuni, nawe utaona bamba la barafu angavu kama kioo chini ya koili au sakafuni mwa friza. Theluji nyeupe juu ya koili haijawahi kuwa maji tangu ilipofika pale. Ni mvuke ulioganda moja kwa moja. Kile kipande nilichokizibua mara ya kwanza kilitokana na maji ya friji kuzimwa na kuwashwa, mabaki ya uyeyushaji wa mama mwenyewe. Nilitibu kovu.

Laiti ningeiona sura hii siku ya kwanza. Lakini siku ya kwanza ilikuwa ndani ya mataulo.

Ilibaki kujua nani hakupokea zamu. Njia ya umeme wa hita ni fupi: kutoka taima, kupita bimetali, kupita fyuzi ya joto inayokatika joto likizidi, hadi hita yenyewe. Nikaizungusha taima kwa bisibisi bapa, taratibu, kwa mwelekeo wa saa, hadi ikatoa mlio wa "ka". Nikarudisha plagi. Kompresa kimya. Hita nzima, baada ya dakika moja au mbili, hujitambulisha kwa sauti: mchirizo mdogo wa matone yanayoangukia kitu cha moto. Nikangoja dakika 10 sikio likiwa ndani ya friza. Hakuna.

Nikachomoa plagi tena, nikatoa mita. Hita ilisoma ukinzani wa omu 258. Ilikuwa ya wati 200, na kwa umeme wa volti 230 hesabu inakupeleka kama omu 264, kwa hiyo ni nzima. Fyuzi ilipitisha. Nikaingia kwa bimetali, bado imeng'ang'aniwa na barafu, waya wa kipimajoto pembeni yake ukisoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo bimetali lazima iwe imefunga. Mita ilisema iko wazi, haipitishi umeme.

Ni jibu lilelile nililolipata ziara ya kwanza. Kipimo cha siku ile kilikuwa sahihi na hakikuniambia chochote, kwa kuwa swichi hii hupimwa ikiwa na baridi. Ikishapata joto, nzima na mbovu zinasoma sawa.

Nilipoilegeza kwenye bomba nikaona na sababu. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimevimba katikati kama tumbo la chura, na ukikitikisa sikioni unasikia kitu kimelegea. Maji huingia kwenye kiungo cha waya, yanaganda, yanatanuka, yanasukuma; mwezi baada ya mwezi kifuniko kinavimba na vile visahani vya ndani vinaacha kugusana. Ukiona bimetali iliyovimba hata mita huihitaji sana, ingawa mimi hupima.

Kabla ya kununua kifaa nilithibitisha. Nikaunganisha nyaya mbili za bimetali kwa kipande cha waya, nikarudisha plagi taima ikiwa bado kwenye zamu ya hita, nikakaa palepale. Dakika ya pili nikasikia "chwi", kisha tone. Nikazima na kuutoa ule waya. Nasisitiza kuutoa, kwa sababu nimeshafungua mafriji ambayo waya huo uliachwa ndani kama matengenezo ya kudumu. Bimetali ndiyo inayoiambia hita iache koili ikishakuwa safi. Ukiiondoa, hita inawaka zamu nzima hata kama hakuna barafu, plastiki inaanza kupinda, na kilichobaki kati yako na moto ni fyuzi moja ndogo.

Bimetali mpya ilitakiwa ilingane na ya zamani kwa namba zilizoandikwa ubavuni: hii hufungua karibu nyuzi 13 na kufunga karibu nyuzi 4 chini ya sifuri. Nilikuwa nimepiga picha mahali ilipobanwa, maana ikihamishwa bomba moja juu au chini inaanza kusoma habari ya mahali pengine. Viungo vya waya niliviziba kwa mpira unaonywea kwa joto. Kiungo cha kusokota na utepe hakidumu kwenye unyevu ule. Pengine ndivyo ya kwanza ilivyokufa.

Mama alitaka niliwashe papo hapo, si hita itayeyusha yenyewe sasa? Hapana, na hii watu huisahau. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto la kilojuli 334, bila kuhesabu za kuipandisha kwanza kutoka baridi yake hadi sifuri. Hita ya wati 200 kwa dakika 25 inatoa kilojuli 300. Haifikishi hata kilo moja. Nilipoyeyusha kwa mkono, kwa mabakuli ya maji ya moto yaliyobadilishwa kila baada ya muda na feni ya mezani ikipuliza, maji niliyokusanya yalijaza jagi la lita moja mara tatu na ushei. Zaidi ya hapo, bimetali inapima mahali pamoja: sehemu yake ikisafishika inakata umeme, huku upande mwingine wa koili bado mweupe. Hita imeumbwa kufuta theluji ya siku, haiwezi deni la siku kumi. Fundi anayebadilisha kifaa na kuacha barafu ya zamani ataitwa tena wiki hiyohiyo, na atalaumu kifaa.

Kazi ya kuyeyusha ilichukua saa mbili na nusu. Draya ya nywele nilikuwa nayo ila sikuitumia sana. Hupindisha plastiki ukiituliza mahali pamoja, na maji yanadondoka karibu na mkono ulioshika umeme.

Jioni chini kulikuwa na baridi. Nilidhani nimemaliza, ila kesho yake nilipopita kuangalia niliona bomba la kurudishia gesi nyuma ya friji limefunikwa theluji hadi linapoingia kwenye kompresa. Hiyo ilikuwa alama ya yule fundi wa kwanza. Friji halikuwa na upungufu wa gesi, yeye akaongeza. Sasa gesi ya majimaji ilikuwa inapita koili bila kumaliza kuchemka, inarudi kwenye kompresa. Siku ambazo koili imezibwa na barafu dalili hiyo ilikuwa imechanganyika na ugonjwa mwenyewe, hakuna aliyeitilia maanani. Lebo ilitaka gramu 58 tu, kiasi kidogo mno kuongezwa kwa kukisia. Nikalitoa friji nje penye upepo, mbali na moto wowote, nikaitoa gesi yote, nikavuta hewa kwa pampu, nikajaza 58 kwa mzani. Kazi hiyo si ya mwenye nyumba, wala si ya fundi asiye na mzani.

Mpira wa mlango niliujaribu kwa kipande cha karatasi kila upande, mlango ukafungwa juu yake nikavuta, ulishika kote. Kama ungekuwa umelegea, kwa kawaida theluji ingeonekana karibu na mlango pia, si nyuma ya paneli peke yake.

Kwa wenye mafriji mapya yasiyo na taima: huko bodi ya umeme ndiyo inayohesabu, na mara nyingi badala ya bimetali kuna kihisi ambacho ukinzani wake hupanda kadiri baridi inavyozidi. Vipimo vinabadilika. Barafu husomwa vilevile, na husomwa kabla haijayeyushwa. Na kama friji lako ni la mlango mmoja lenye kuta zinazoganda, hilo halina hita hata kidogo. Kuganda ndiyo tabia yake, wewe ndiye hita, liyeyushe theluji ikifikia unene wa nusu sentimita hivi.

Nilimwachia mama kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya chumba cha chini. Siku iliyofuata kilisoma nyuzi 4, na friza ilikuwa 18 chini ya sifuri. Siku ya 11 hakunipigia. Nikampigia mimi.

"Linanyamaza sasa mara nyingi," alisema, "mpaka silali."

Siku ya 30 nilipita, nikafungua tena zile skrubu nne. Mapezi ya koili yalikuwa yanaonekana moja moja, na utando mwembamba wa theluji ya saa chache upande wa chini. Nilipokuwa narudisha paneli nikaona kitufe cha thermostati bado kiko kwenye 7, mwisho kabisa, alikokisukuma miezi miwili nyuma akijaribu kuokoa maziwa. Nikakirudisha kwenye 4.